Kabla ya Kuwapeleka Jamaa Mbugani: Mambo ya Kuzingatia

Jaza mafuta mjini Nakuru, beba maji ya kutosha, zima muziki langoni, na usizidishe kilomita 40 kwa saa ukiwa ndani. Usishuke garini isipokuwa mahali palipotengwa. Ndizi na mandazi yafungiwe kwenye buti, kwa kuwa nyani wa Ziwa Nakuru wamekwisha kujifunza maana ya mkono unaotoka dirishani.

Linalohitaji maelezo ni hili: jifunze kumtambua mnyama mwenye hofu kabla hajakimbia, maana mnyama aliyesimama tuli si lazima awe ametulia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwaendesha wajomba na watoto wao, nilisimama karibu mno na swala pala jike aliyekuwa kando ya njia. Alikuwa ameacha kula, kichwa juu, masikio yameelekezwa kwetu, akipuliza pumzi kwa nguvu puani, nasi tukafurahi kwamba anatungoja tumpige picha. Magari mengine mawili yakasimama nyuma yetu. Yule swala akasogea, akarudi, akasogea tena, hadi akavuka kwenda mbali upande wa pili. Hatukujua kwamba swala pala humficha mwanawe nyasini siku za mwanzo, na kwamba kitoto hicho hulala bila kutikisika kwa sababu kinga yake yote ni kutoonekana. Nyani dume aliyekuwa akipita na kundi lake alikifikia kabla ya mama kupata njia. Nyani hula watoto wa swala hata pasipo na gari lolote, lakini siku ile walioiziba njia ya mama ni sisi, na watoto tuliowabeba walishuhudia yote.

Kwa hiyo, mnyama akiacha kula na kukukazia macho, usisogee hata hatua moja zaidi. Rudi nyuma taratibu, na ukikuta magari yamekwisha kumzunguka, pita.

Madhara mengine hayaonekani papo hapo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliounganisha tafiti 76 kuhusu spishi 62 za mamalia, ulionyesha kuwa wanyama wanaosumbuliwa na watu huhamishia shughuli zao usiku, hata pale ambapo watu hao hawawindi bali wanatembea tu.

Ukienda hifadhi ya Saiwa, karibu na Kitale, kumtafuta nzohe, yaani swala wa kinamasi, fika alfajiri na ukae kimya juu ya jukwaa la kutazamia wanyama, kwa maana akishtuka huzama majini akabakiza pua tu. Huko Kisumu, ondoka ufuoni kabla ya magharibi, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kwenda malishoni, na ukisimama kati yake na maji atapita palepale uliposimama. Mbwa abaki nyumbani. Watoto wasitangulie mbele, na usimfuate mnyama yeyote vichakani, hata akionekana mdogo na mpweke.