Namna ya Kutubu kwa Kweli na Kuutafuta Uponyaji katika Kristo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye dhamiri yake haimpi usingizi, awe amebatizwa tangu utotoni au hajawahi kuingia kanisani. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida huambiwa aombe, naye huomba, lakini akiinuka hukuta mzigo uko palepale. Mara nyingi sababu ni kwamba ameomba msamaha wa mambo yote kwa jumla bila kulitaja hata moja, na kwamba yule aliyemdhulumu bado anasubiri haki yake. Toba inayofundishwa katika Maandiko humhusu mtu fulani na kosa fulani, na aghalabu kuna kitu kinachopaswa kurudi kwa mwenyewe.

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, pima majuto yako yanakupeleka wapi. Petro, aliyemkana Yesu, na Yuda, aliyemsaliti, walianguka usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Tena Yuda, jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, alikiri waziwazi kwamba ametenda dhambi, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha kwa makuhani. Lakini hakumrudia Yesu. Alikwenda peke yake, akajinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki na wenzake, hata asubuhi ile ya ufukweni iliyosimuliwa katika Yohana 21 ikamkuta akiwa karibu na Bwana. Kwa hiyo, ikiwa majuto yako yanakuambia ujifiche au ujidhuru, usiyaite toba. Mwite leo hii mtu unayemwamini, na mtafute mchungaji au daktari kabla hujaendelea na jambo lingine lolote.

Kulitaja kosa kwa jina lake

Tenga muda ambao hutakatizwa, uchukue karatasi na kalamu. Soma polepole Amri Kumi katika Kutoka 20, kisha hotuba ya mlimani katika Mathayo 5 hadi 7, na kila dhamiri inapokuchoma andika ulichotenda, uliyemtendea, na kama ni mali, kiasi chake. Sentensi ya kwamba wewe ni mwenye dhambi ni ya kweli, lakini haikugharimu kitu, kwa maana kila mtu anaweza kuisema kanisani bila kuona haya. Sentensi ya kwamba ulimsingizia ndugu yako mbele ya wazee ili upate urithi wake ni nzito kuiandika, na uzito huo ndio dalili kwamba umefika mahali penyewe. Jihadhari pia na maneno ya kujitetea, ambayo ni ya kale kama Adamu aliyesema kwamba mwanamke aliyepewa ndiye aliyempa tunda.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kuingia katika karatasi hiyo. Uliyebakwa, uliyepigwa na mwenzi wako, uliyetumiwa vibaya ukiwa mtoto, huna la kutubu katika mambo hayo, hata kama umebeba aibu yake kwa miaka. Kinachohitajika hapo ni faraja na haki, na yeyote anayekulazimisha uungame dhambi ya mtu mwingine anakuongezea jeraha.

Ukishaandika, omba. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake huihusisha na siku nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi kwa habari ya Bathsheba, mke wa mtu aliyelala naye, inafaa kwa sababu haina kisingizio hata kimoja, na pia kwa sababu haishii katika kufutiwa kosa bali huomba moyo safi. Isome kwa sauti, kisha taja uliyoandika, moja baada ya jingine. Usimwekee Mungu masharti wala usijadiliane naye bei. Mwana mpotevu katika mfano wa Yesu alikuwa ameandaa hotuba yenye ombi la kuwekwa miongoni mwa vibarua, na baba yake aliagiza vazi kabla ombi hilo halijatamkwa. Msamaha wa Kikristo husimama juu ya kifo na ufufuko wa Yesu, haupimwi kwa wingi wa machozi. 1 Yohana 1:9 inautaja uaminifu wa Mungu na haki yake, wala haisemi neno kuhusu hisia za anayeungama. Ukiinuka bila kuhisi lolote, bado umesikiwa.

Mbele ya mtu mwingine

Yakobo 5:16 inaagiza waamini waungame dhambi wao kwa wao na kuombeana, wapate kuponywa. Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiorthodoksi huliadhimisha jambo hili kama sakramenti mbele ya padri, naye padri Mkatoliki haruhusiwi kwa hali yoyote kuitoa siri ya maungamo. Waanglikana na Walutheri wanayo nafasi ya kuungama faraghani kwa mchungaji, ingawa waumini wengi hawaitumii. Katika makanisa mengine utamwendea mzee wa kanisa au Mkristo aliyekomaa, na hapo ni halali kabisa kuuliza kabla hujafungua kinywa kama atayatunza utakayomwambia. Mtu ambaye huwaombea wengine kwa kuzitangaza siri zao kwenye mikutano, mpite.

Kurudisha

Hapa ndipo toba nyingi hukwama, nami naona ndipo palipo mtihani wenyewe. Torati ilimwagiza mkosaji aungame, arudishe alichochukua kikiwa kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:7). Zakayo, mtoza ushuru tajiri aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake, alikwenda mbali zaidi, akaahidi kurudisha mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 kilimtoza aliyeiba kondoo na kumchinja au kumwuza. Kwa maneno mengine, tajiri huyo alijihukumu mwenyewe kama mwizi kabla mtu yeyote hajamshtaki. Naye Yesu, katika Mathayo 5:23-24, anamtaka mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake, jambo linaloonyesha kwamba ibada haiwezi kutumika kama njia ya kumkwepa tuliyemkosea.

Kwa hiyo irudie karatasi yako. Penye fedha, anza kulipa, hata kama ni kwa mafungu madogo ambayo mwenye haki ameyakubali. Penye jina lililochafuliwa, wafuate wale uliowapa uongo, kwa kuwa kumwomba radhi faraghani yule uliyemsingizia hakuusafishi uvumi ulioueneza. Penye kosa la jinai, tafuta ushauri wa mwanasheria na wa mchungaji wako, ukijua kwamba msamaha wa Mungu haufuti mkono wa sheria. Ikiwa uliyemdhulumu amefariki, wapo warithi wake. Asipopatikana yeyote, wape maskini. Omba radhi kwa maneno machache, bila neno “lakini”, wala usimdai akusamehe papo hapo. Kuna pia ungamo ambalo lingemtua mzigo mkosaji na kumtwika mwenziwe asiye na hatia. La namna hiyo lisitolewe kabla ya kushauriana na mtu mwenye busara, hasa katika mambo ya ndoa.

Kazi na mapato yako nayo yachunguzwe. John Newton, baharia Mwingereza, alianza kumlilia Mungu katika dhoruba ya baharini mwezi Machi 1748, lakini baada ya hapo aliongoza kama nahodha safari tatu za merikebu zilizobeba watumwa, akaiacha bahari mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, na ilimchukua hadi 1788 kuchapisha kijitabu cha kuilaani biashara hiyo na kukiri aibu yake mwenyewe. Alikuwa akisali muda wote huo. Watu wa Luka 3 walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwajibu kwa mambo ya kazi zao: watoza ushuru wasitoze kupita kiwango, askari wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao.

Kuhusu uponyaji

Zaburi ya 32 inamweleza mtu ambaye mifupa yake ilichakaa alipokuwa akinyamaza juu ya dhambi yake, na kweli wapo wanaopata usingizi na nguvu baada ya kuungama. Hata hivyo usigeuze jambo hilo kuwa kanuni ya kila ugonjwa. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu alikataa kwamba ni yeye au wazazi wake. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe taabu aliyoiita mwiba katika mwili wake, na haukuondolewa. Alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa huko Mileto, akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Luka, tabibu.

Ukiwa mgonjwa, fuata Yakobo 5:14: waite wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka mafuta kwa jina la Bwana. Endelea na dawa zako, na kama unaamini umepona, daktari ndiye athibitishe, maana hata wale wenye ukoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao Torati iliwapa kazi ya kukagua ugonjwa huo. Anayetaka malipo ili akuombee amekwisha kujieleza. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, na Petro alimkemea vikali Simoni aliyetaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha.

Maisha yanayofuata

Ikiwa hujabatizwa, omba mafundisho ya ubatizo na usiudhike ukiambiwa usubiri. Augustino, mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, aligeuka moyo bustanini huko Milano mwaka 386, akabatizwa na askofu Ambrosi wakati wa Pasaka ya 387. Ikiwa umebatizwa, rudi kwenye kusanyiko, kwenye neno, kwenye meza ya Bwana na kwenye sala, mambo manne yanayotajwa katika Matendo 2:42. Kisha jaza nafasi iliyoachwa wazi na dhambi ya zamani, kama Waefeso 4:28 inavyomtaka mwizi si tu aache kuiba, bali afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumpa mhitaji. Mlevi abadilishe njia anayorudia nyumbani. Mwenye ulimi mkali atafute mgonjwa wa kumsomea.

Ukianguka tena, ungama siku hiyohiyo, tena kwa mtu yuleyule uliyemwendea mwanzo. Kishawishi kitakuwa kumtafuta mwingine asiyekujua, ambaye kosa lako mbele yake litaonekana kuwa la kwanza. Mrudie anayeijua habari yote, kwa kuwa yeye ndiye atakayeweza kukuuliza kama yule uliyemdhulumu amekwisha kulipwa.