Mvua ya juzi ni hali tu, tabia ni kitu kingine: kwa wanaolima Dodoma na kanda ya kati

Mama mmoja alinibana kwenye mkutano wa kijiji, ilikuwa baada ya ule msimu wa El Nino wa 2023/24, akasimama akasema bwana shamba, wewe si ndo ulituambia nchi imebadilika tupande mtama, haya jirani yangu kapanda mahindi kapata, mimi mtama wangu wamekula wale ndege kweleakwelea, sasa hayo mabadiliko yako yako wapi? Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila jibu nililotoa siku ile lilikuwa bovu kabisa. Nilianza kuelezea hewa ukaa na viwanda vya huko duniani wakati mwenzangu anauliza habari ya debe lake. Nimekaa nalo muda, naomba nijibu upya.

Kiswahili chenyewe kimeshatusaidia, basi tu hatukisikilizi. Ukikutana na mtu asubuhi unamuuliza hali yako, na jibu la leo siyo la kesho, leo mzima kesho ana mafua. Tabia je? Tabia ya mtu huiulizi njiani, unaijua ukikaa naye, ukishaoana naye, ukishamkopesha hela. Sasa hali ya hewa ndo hiyo hali, mvua ya leo, upepo wa wiki hii, jua la mwezi huu, hapa hapa kwako. Tabianchi ni tabia. Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana kuipima kwa miaka 30, na wastani unaotumika sana sasa hivi ni wa 1991 mpaka 2020. Kwa nini 30? Kwa sababu ukichukua mitatu minne unaweza ukaangukia kwenye miaka ya neema tupu au ya njaa tupu ukadhani ndo kawaida.

Kwa hiyo mama yangu, jirani yako alipata kwa hali. Mwaka ule bahari zilikuwa zimepata joto, Pasifiki kule kuna El Nino, na Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida, vitu viwili hivi vikikutana mvua Afrika Mashariki huwa zinazidi. Wazee wanaikumbuka ile ya 1997/98. Halafu kuna upande wa pili, La Nina, yaani Pasifiki ikipoa badala ya kupata joto, ambayo ilikaa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2020, na huko Kenya, Somalia na Ethiopia misimu mitano ikafeli kwa kufuatana. Hizi zinakuja na kwenda, zilikuwepo tangu enzi za mababu. Mtu mpole anaweza akaamka siku moja na hasira, hiyo haijamfanya awe mtu mkali.

Na mimi nakiri kosa la upande wetu pia, sisi maafisa ugani. Tumezoea kila kitu tunakitupia mabadiliko ya tabianchi, mvua ikichelewa tabianchi, ikizidi tabianchi, mkulima kapanda mbegu ya kununua gengeni haijaota, tabianchi. Siyo kweli. Msimu mmoja ukifeli hautoshi kusema tabia imebadilika, kama ambavyo msimu mmoja ukikubali hautoshi kusema haijabadilika. Hata hao wanasayansi wenyewe hawaruki hivyo. Mwaka 2024 ndo ulikuwa wa joto kali kuliko yote tangu watu waanze kupima, dunia ilipita karibu nyuzi 1.55 juu ya ilivyokuwa miaka ya 1850 mpaka 1900, na ule mkataba wa tabianchi wa Paris wa 2015 ulitaka tujitahidi isipite nyuzi 1.5. Watu wakauliza, tayari tumevuka? Jibu likawa hapana, mwaka mmoja hauhesabiwi, tunaangalia wastani wa miaka mingi. Sasa kama wao na mitambo yao yote wanakataa kuhukumu kwa mwaka mmoja, mimi na wewe na jembe letu tunaharakia nini?

Kuna mwingine huwa ananiambia mbona mwezi wa saba hapa Dodoma tunavaa masweta, joto la dunia liko wapi. Ndugu yangu, baridi ya mwezi wa saba ni hali ya msimu, upepo wa kusi unapuliza, itakuwepo tu. Kinachoongezeka ni ule wastani, taratibu, kama mtoto anavyokua, humwoni akirefuka lakini suruali inakuwa fupi.

Swali la maana ni hili, hiyo nyuzi moja na kitu inamfanyia nini mtu wa Kongwa au Bahi hapa Dodoma? Inafanya mambo mawili ambayo nataka uyashike kwa sababu ndo yanabadilisha kazi shambani. La kwanza, hewa ikiwa ya joto inanyonya maji zaidi kutoka kwenye udongo na kwenye majani. Maana yake hata mvua zikibaki milimita zile zile, na Dodoma wastani wetu kwa mwaka ni kama 570 hivi, mmea unaona kiu mapema kuliko zamani. La pili, hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, inakadiriwa kama asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa hiyo mawingu yakiamua kumwaga yanamwaga kwa fujo. Mnaona wenyewe, jua wiki tatu halafu mvua ya saa moja inayobeba udongo wote mpaka barabarani.

Msinielewe vibaya, sijasema mvua za Dodoma zinapungua kila mwaka, hilo la jumla ya mvua lina mabishano hata kwa wataalamu. Joto ndo halina mabishano.

Sasa tuje kazini. Mimi siku hizi nagawa maamuzi ya shamba mafungu mawili, kuna maamuzi ya hali na maamuzi ya tabia, na ukiyachanganya ndo unaumia.

Maamuzi ya hali ni ya wiki hii. Nipande leo au nisubiri, nipige dawa, niweke mbolea, nianike. Hapo tabianchi haikusaidii kitu, unataka utabiri wa siku hizi hizi, Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa wa kila siku na wa siku 10, upo redioni na kwenye simu. Kupanda ndo kunaua watu. Mwezi wa kumi na moja inapiga mvua moja ya radi, kijiji kizima kimetoka na mbegu, halafu kimya siku 18, mbegu imechomoza imekauka, unarudi dukani. Kwa mahindi na alizeti mimi nasema usipande mpaka upate kama milimita 20 mpaka 25 ndani ya siku mbili tatu, na uchimbe uone unyevu umefika shubiri moja chini, na utabiri uwe unaonyesha mvua inaendelea. Uwele na mtama ni wavumilivu, hizo unaweza kuzitanguliza kwenye vumbi kabla ya mvua, wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo na hawakukosea.

Viwavijeshi vamizi, vile vilivyoingia nchini 2017, piga asubuhi na mapema au jioni, lenga ndani ya moyo wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochomoza, na kama wingu limeshakaa vibaya acha, dawa itaoshwa na hela imeenda. Urea usiimwage juu ya udongo mkavu wenye jua kali, inapotea hewani, na usiiweke saa chache kabla ya mvua ya mafuriko, itaenda kwa jirani wa bondeni, yeye atashukuru. Kuanika nako usidharau. Karanga na mahindi yaliyoteseka na ukame shambani halafu yakanyeshewa wakati wa kuvuna ndo makao ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na 2016 watu walipoteza maisha hapa hapa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Turubai siyo anasa.

Maamuzi ya tabia ni ya miaka. Nilime zao gani zaidi, mbegu ya muda gani, shamba nilikate vipi, nipande mti gani, nijenge tenki au nisijenge. Haya usiyabadilishe kwa sababu ya mvua ya mwaka jana, ndo kosa la yule jirani wa mama, maana nasikia msimu uliofuata akalima mahindi matupu shamba lote kwa kuwa yalimkubali mara moja. Ukiwa na ekari 4 mimi ningeweka mbili na nusu mtama na uwele, moja alizeti, na ile nusu ya bondeni kwenye unyevu ndo mahindi, tena ya muda mfupi kama Situka ya siku 100 hivi, kwa sababu watoto wanataka ugali wa mahindi tusidanganyane. Mwaka wa neema utakosa gunia kadhaa za mahindi, ni kweli. Ila mwaka mbaya utakula.

Na la ndege, mama, hilo ulikuwa na haki. Mtama wa mbegu ya Macia ni mtamu na kweleakwelea wanajua. Ukipanda peke yako au wiki mbili nyuma ya wenzako shamba lako linakuwa hoteli. Kubalianeni mpande mbegu moja wakati mmoja, ukomae pamoja, hasara igawanyike. Hilo nilitakiwa kukwambia mimi kabla, sikukwambia.

Kwenye kukata shamba hapa ndo hela ilipo kuliko hata mbegu. Kama mvua inakuja kwa fujo na jua linanyonya, basi kazi yako ni kuifanya mvua ilale hapo hapo ilipoangukia. Kile kilimo chetu cha kuberega, unakwangua juu juu, unachoma mabua, unatia mbegu, kilikuwa kinatosha zamani udongo ukiwa na nguvu, sasa hivi maji yanateleza tu kama kwenye sakafu. Vunja lile tabaka gumu, kingamisha matuta na mteremko, na uyafunge kwa vituta vidogo katikati ili maji yasikimbie. Usipokuwa na ng'ombe wala trekta kuna mashimo ya Chololo, ubunifu wa mkulima wa hapa hapa Dodoma, shimo upana sentimita 20 na kidogo, kina kama 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, unatia samadi, unapanda humo. Kuchimba kunachosha, sitakudanganya, anza na robo ekari mwezi wa tisa wakati hakuna kazi. Mabua usichome, yaache yafunike udongo, najua ng'ombe wa watu watakuja kuyala, hapo ndo sheria ndogo za kijiji zinahitaji kuamka. Na vile visiki vinavyochipua shambani usiving'oe vyote, chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine pogoa, miaka michache una kivuli na kuni bila kumwagilia mche hata mmoja.

Kuhusu miti, kuna kitu kinasemwa sana mikutanoni, eti sisi kukata miti ndo tumeleta El Nino. Hapana. Ukikata miti kijijini unapata mmomonyoko, chemchemi inakauka, panakuwa na joto pale pale, hayo ni yako na unayarekebisha mwenyewe. Joto la dunia nzima limeletwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa tangu viwanda vianze, na Afrika yote inachangia kama asilimia 4 tu ya hewa chafu ya sasa. Usibebe dhambi ambayo siyo yako, ila ile chemchemi usiisingizie Ulaya.

Utabiri wa msimu nao una mtego wake. Mamlaka wakisema mvua itazidi wastani wanazungumzia nafasi na jumla ya msimu kwa eneo kubwa, hawajasema itanyesha vizuri wala haijasemwa kwako. Milimita 600 zikija kwa siku 12 zina faida ndogo kuliko 450 zilizotawanyika. Na mvua zetu hizi, inanyesha ng'ambo ya korongo kwako vumbi, kituo cha kupimia kipo mbali, kitaandika cha kwake.

Ndo maana nawaomba muwe na kopo la kupimia mvua. Tafuta kopo lenye ukuta ulionyooka, siyo lililopanuka juu kama ndoo, lifunge kwenye nguzo fupi ya mita moja na zaidi mahali pasipo na paa wala matawi, kila asubuhi saa tatu pima kwa rula, andika kwenye daftari tarehe na milimita, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya 25 kwenye ekari ni kama lita laki moja zimeshushwa bure, na bati la nyumba ya mita 6 kwa 8 mvua ya 20 inakupa lita 800 hata ukitoa zilizopotea, pigia hesabu tenki lako hapo. Mwaka wa kwanza daftari litakuonyesha hali tu. Miaka kumi utaanza kuona kitu, na mtoto atakayelirithi ndo ataijua tabia ya shamba hilo kuliko mimi.

Ila lifunge juu kweli kweli. Langu la kwanza nililiweka chini karibu na zizi, nikaandika sifuri wiki nzima huku matope yamejaa uani, kumbe mbuzi alikuwa anakunywa milimita zangu kila alfajiri.