Jinsi ya Kudai Waranti kwa Mpira wa Kioo cha Mbele Uliosinyaa, Kupasuka au Kubanduka

Dai la mpira wa kioo cha mbele hukataliwa kirahisi kuliko dai la injini, na sababu inayotajwa karibu kila mara ni moja: uchakavu. Waranti ya mtengenezaji hulipia kasoro ya malighafi au ya uundaji. Hailipii kitu kilichoisha kwa kutumika, ndiyo maana raba za waipa na pedi za breki haziingii. Mpira wa kioo umekaa katikati ya hayo mawili. Hakuna anayetarajia uishe ndani ya miaka miwili au mitatu, lakini unashinda juani na unanyeshewa, kwa hiyo anayetaka kukukatalia hakosi la kusema.

Anayeamua dai lako mara nyingi halioni gari. Anaona picha, tarehe, kilomita na maelezo mafupi yaliyoandikwa na karakana. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba hivyo vinne vinaonyesha mpira ulioharibika wenyewe, mapema, na kwamba uliripoti waranti ikiwa hai.

Kwanza, jua ni kipande gani

Kwenye magari ya kisasa kioo cha mbele kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi nzito ya yurethani. Mpira unaouona kwa nje haushikilii kioo. Unafunika mwanya kati ya kioo na bodi, unaelekeza maji na kupunguza kelele ya upepo. Magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa na mpira mnene ulioshika kioo chenyewe, na hayo waranti yake iliisha zamani.

Kuna ukanda wa juu kwenye ukingo wa paa, kuna vipande vya pembeni vinavyofuata nguzo za kioo, na kuna plastiki pana iliyo chini ya waipa. Kila kimoja kina namba yake ya spea. Kipande cha pembeni mara nyingi hushikwa na vibanio na hutoka bila kugusa kioo. Ukanda wa juu kwenye magari mengine umeunganishwa na kioo kiwandani, na kuubadilisha maana yake ni kukata gundi na kutoa kioo kizima. Ukijua ni kipi, utajua pia unaomba kitu kidogo au kikubwa, na kwa nini karakana inasitasita.

Sasa angalia kwa karibu. Anza na pembe mbili za juu, kwa sababu mpira unaosinyaa huonekana hapo kwanza: unarudi nyuma na kuacha nafasi unayoweza kuingiza ukucha. Pitisha kidole kwenye ukingo. Mpira mzima unanesa. Uliokufa ni mgumu, una nyufa nyembamba kama nywele, na pengine unaacha unga mweusi kidoleni. Joto, mwanga wa jua na ozoni ndivyo vinavyoufikisha huko, kwa kuvunja mpira na kuondoa vilainishi vyake. Linganisha kulia na kushoto. Pande zote mbili zikiwa zimejikunja mahali pamoja na kwa namna moja, hoja ya kasoro ina nguvu. Upande mmoja ukiwa na mkwaruzo, alama ya bisibisi au mkato uliyonyooka, utaambiwa ni uharibifu wa nje, na itakuwa vigumu kubisha.

Kabla ya kuendelea, soma mhuri mdogo kwenye kona ya chini ya kioo. Jina la mtengenezaji wa kioo likiwa tofauti na lile la vioo vya milango, au nembo ya gari ikikosekana hapo wakati vioo vingine vinayo, huenda kioo kilishabadilishwa. Kama ni hivyo, mlango wa kubisha si wa mtengenezaji wa gari. Ni wa fundi vioo aliyekiweka, maana wengi hutoa dhamana ya kazi yao dhidi ya kuvuja. Kama bima ndiyo iliyolipia kioo hicho, waandikie nao.

Kisha fungua kitabu cha waranti

Tafuta tarehe ya kuanza. Waranti huhesabiwa tangu siku gari lilipokabidhiwa kwa mmiliki wa kwanza, si siku uliyolinunua wewe. Halafu tafuta muda wa waranti ya msingi, ile inayogusa gari zima. Inatofautiana sana: Marekani nyingi ni miaka 3 au maili 36,000, yaani karibu kilomita 58,000, na Kia hutoa miaka 7 au kilomita 150,000 huko Ulaya. Kikomo kinachofika kwanza ndicho kinachohesabika.

Waranti ndefu ya injini na giaboksi haina msaada hapa, hata kama muuzaji alikuambia gari "bado lina waranti". Ile ya kutu nayo kwa kawaida hudai bati liwe limetoboka kabisa. Waranti ya nyongeza iliyonunuliwa pembeni ndiyo inayoumiza watu zaidi, kwani nyingi huorodhesha vioo, mipira na mapambo ya nje miongoni mwa visivyolipiwa. Soma ukurasa wa visivyolipiwa kabla ya ukurasa wa ahadi.

Baadhi ya vitabu vina kifungu cha marekebisho, mara nyingi cha miezi 12 ya mwanzo, kinachohusu kelele za upepo, maji kupenya na vipande visivyokaa sawasawa. Gari likiwa bado ndani ya kipindi hicho, dai kwa kifungu hicho. Ni njia fupi kuliko kubishana kama mpira una kasoro.

Gari lililonunuliwa limetumika kutoka nchi nyingine lina shida yake. Waranti nyingi zimefungwa kwenye soko ambako gari liliuzwa likiwa jipya, kwa hiyo uliza kwa namba ya chesisi kabla ya kupoteza siku nzima karakana.

Kusanya ushahidi

Picha za kutosha ni hizi: gari zima kwa mbele namba ikionekana, kila pembe ya kioo, kasoro kwa karibu huku rula imelazwa pembeni, odomita, na namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Piga mchana, kivulini. Jua kali huficha nyufa.

Kama lalamiko ni kelele ya upepo, lithibitishe. Nunua ule utepe wa karatasi wenye gundi wanaoutumia mafundi rangi, funika nao ukingo wote wa mpira, kisha endesha kwenye barabara na mwendo uleule unaosikia kelele. Ikinyamaza, bandua upande mmoja na urudie. Ukifika karakana ukiweza kusema "kelele inatoka pembe ya juu kushoto", umemwokolea fundi muda, na fundi uliyemwokolea muda huandika vizuri.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi. Kapeti lililolowa halimaanishi mpira wa kioo umeshindwa. Mirija ya kutolea maji ya dirisha la paa ikiziba, maji hushuka kupitia nguzo ileile ya kioo. Majani yakijaa chini ya waipa, maji hufurika na kuingia ndani kupitia njia ya hewa. Safisha huko kwanza. Kisha mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagilie kwa bomba la presha ndogo, akianzia chini ya kioo na kupanda taratibu. Ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Rekodi video yanapochomoza. Yakiwa yanashuka karibu na boksi la fyuzi, usisubiri miadi ya mwezi ujao; piga simu siku hiyohiyo.

Usipake silikoni. Usipake gundi kali, wala usisugue mpira kwa petroli au dizeli ili "urudi weusi". Mafuta hayo huvimbisha na kuua mpira, na alama zake zinampa mkaguzi sababu ya kukukatalia akiwa amesimama. Kama kipande kinapigapiga, kishikilie kwa ule utepe wa karatasi mpaka siku ya ukaguzi.

Wasilisha dai

Nenda kwa wakala aliyeidhinishwa, si lazima yule aliyekuuzia. Peleka kitabu cha waranti, kadi ya gari na kumbukumbu za sevisi. Tuma pia maelezo kwa barua pepe kabla ya kufika, ili kuwe na tarehe usiyotegemea mtu kuikumbuka. Maandishi ya aina hii yanatosha:

"Habari. Naripoti tatizo la mpira wa kioo cha mbele kwenye gari langu, namba ya chesisi (iandike), lililokabidhiwa mara ya kwanza tarehe (iandike), sasa lina kilomita (ziandike). Mpira wa juu umerudi nyuma kwenye pembe zote mbili na kuacha mwanya, na una nyufa. Kuna kelele ya upepo kwenye mwendo wa kasi. Kioo hakijawahi kubadilishwa na gari halijapata ajali upande wa mbele. Naomba likaguliwe chini ya waranti. Picha nimeambatanisha."

Eleza unachokiona na kilianza lini, basi. Ukitangulia kuandika kwamba mpira umechakaa, umeshamaliza kazi ya mkaguzi. Wala usidanganye kuhusu ajali au kioo kilichobadilishwa. Kipimo cha unene wa rangi, kinachoonyesha palipopakwa upya, na ule mhuri wa kioo vitakuumbua.

Kabla ya kuacha funguo, omba nakala ya fomu ya kazi na uisome. Iwe na tarehe, kilomita na lalamiko lako kama ulivyolisema. "Mteja anataka gari likaguliwe" haisemi kitu, omba irekebishwe. Fomu hiyo ndiyo ngao yako endapo spea itachelewa na waranti ikaisha katikati. Uliza pia kama kuna gharama ya uchunguzi endapo dai litakataliwa.

Mwombe mpokeaji wa magari aangalie mambo mawili kwa namba ya chesisi: taarifa za kiufundi ambazo mtengenezaji huwatumia mawakala kuhusu kasoro zinazojirudia, na kama gari limeitwa kurudishwa kwa sababu za usalama. Kipande cha nje kinachobanduka si suala la urembo tu. Machi 2025 Tesla iliita zaidi ya magari 46,000 ya Cybertruck Marekani kwa sababu paneli ya chuma cha pua iliyo kati ya kioo cha mbele na paa ingeweza kung'oka njiani, gundi yake ikiwa imepoteza unyumbufu. Mwito wa namna hiyo hutengenezwa bure, na huna haja ya kubishana kuhusu uchakavu.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha waranti wanachokitegemea. Majibu ya mdomo kaunta hayana rufaa. Kisha andikia huduma kwa wateja ya mtengenezaji mwenyewe, kwani wakala na mtengenezaji ni pande mbili. Ambatanisha kila kitu.

Waranti ikiwa imeisha karibuni, omba msaada wa hiari. Watengenezaji wengi wanao ingawa hawautangazi. Wanaangalia muda umepita kiasi gani, kama sevisi zilifanywa kwa wakati, na kama wewe ni mteja wao wa kudumu. Mara nyingi hutoa nusu, mathalani spea bure na ufundi juu yako. Kwa mpira ambao hauhitaji kioo kutolewa, ningekubali hiyo bila kusumbuka.

Ukiambiwa waranti imekufa kwa sababu oili ilibadilishwa nje, uliza oili inahusianaje na mpira wa kioo. Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inazuia kufuta waranti kwa sababu tu ya kutumia gereji nyingine. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa mfanyabiashara ana haki ya angalau miaka 2 dhidi ya muuzaji kwa gari jipya, mbali na waranti ya kiwanda. Angalia sheria ya mlaji ya mahali uliponunua.

Siku ya kuchukua gari

Kama kioo kilitolewa, uliza gari linaweza kuendeshwa saa ngapi. Gundi nyingine hukauka vya kutosha ndani ya saa moja, nyingine huchukua saa kadhaa, kutegemea aina yake na hali ya hewa. Magari yenye kamera nyuma ya kioo yanahitaji kamera hiyo ipimwe upya, na hilo nalo liwe limeandikwa kuwa limefanyika. Usipeleke gari kwenye mashine ya presha siku za mwanzo, wala usibamize milango vioo vyote vikiwa vimefungwa.

Chukua fomu ya kazi iliyokamilishwa yenye namba ya spea mpya. Kwa kawaida spea iliyowekwa chini ya waranti hulindwa kwa muda uliobaki wa waranti ya gari, haianzi upya, kwa hiyo kagua tena zile pembe mbili za juu wiki chache kabla muda huo haujaisha.