Kumbaini dumuzi kabla mzigo wa mahindi haujaingia ghalani

Dalili ya kwanza ni unga. Ukiona unga laini umejikusanya chini ya magunia ya mahindi, au umetoka kwenye mishono ukashika mikononi unapobeba, usiseme "ni fukusi tu". Fukusi hutoboa punje na kuacha vumbi kidogo. Dumuzi huisaga.

Dumuzi, ambaye wengi Tanzania humwita Scania na Kenya humwita Osama, si mdudu wa kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Mwaka 1983 akaonekana Taveta, Kenya, na mwaka uliofuata Togo. Kwa mbawa zake asingevuka bahari. Alisafirishwa ndani ya shehena, na mpaka leo magunia humpeleka wilaya kwa wilaya. Vipimo vya maghala ya wakulima Tanzania katika miaka hiyo vilionyesha mahindi yakipoteza hadi asilimia 34 ya uzito kwa miezi 3 hadi 6.

Kagua mzigo ungali kwenye lori. Ukishashushwa na kuchanganywa na mahindi yako, umechelewa. Magunia yakiwa 10 au pungufu, choma bambo, yaani chuma chenye mfereji cha kuchotea punje bila kufungua gunia, kwenye kila gunia. Yakiwa 11 hadi 100, chukua sampuli kwenye magunia 10. Yakizidi 100, tumia kipeuo cha pili cha idadi yote: magunia 400, unachoma 20. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchoma yale ya mlangoni tu kwa sababu ndiyo yanayofikika. Yapange yatoke juu, katikati, chini na pembeni mwa shehena. Ingiza bambo upande wake wa wazi ukiangalia chini, kisha ligeuze ndipo punje zijae. Changanya sampuli zote, pima kilo 1, chekecha kwa chekecheke la matundu ya milimita 3 hivi juu ya karatasi nyeupe. Dumuzi akishtuliwa hujifanya amekufa, kwa hiyo acha karatasi juani dakika chache uone kinachotembea.

Sasa mwangalie kwa karibu, kwa kioo cha kukuzia ukiwa nacho. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea, mwili wa mviringo kama kipande kifupi cha kijiti. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, kimefichwa chini ya kifua. Nyuma ni kama amekatwa kwa kisu: mabawa magumu yanashuka ghafla na kuacha kingo mbili. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mbele, huwezi kukosea. Anayechanganya watu ni binamu yake mdogo, mtoboa nafaka wa milimita 2 hadi 3, ambaye kichwa chake pia hakionekani, lakini nyuma yake ni duara.

Chekecheke likitoka safi, bado usiridhike. Mayai na mabuu hukaa ndani ya punje na kwenye unga. Weka sampuli kwenye chupa ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, iache mahali penye joto wiki 4 hadi 6. Kwenye nyuzi 32 dumuzi hukua kutoka yai hadi mdudu kamili kwa siku 25 hivi.

Makopa ya muhogo yakaguliwe vilevile, hushambuliwa vibaya sana. Kagua na mbao, maana hutoboa hata miti. Chaga zilizotoka nje ya nchi ziwe na muhuri wa alama ya suke na herufi IPPC, za mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea. Zenye herufi HT zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30. Magunia matupu ya kuazima yachemshwe.

Mtego wa harufu ya dumuzi dume huvuta wote, madume na majike. Utundike mita 100 au zaidi kutoka ghalani. Ukiuweka mlangoni unawaita wageni nyumbani.

Ukimpata, funika lori na mwite afisa ugani au mkaguzi wa afya ya mimea. Kufukiza kwa gesi ya fosfini ni kazi ya wenye leseni, chini ya turubai lisilopitisha gesi, na kamwe si ndani ya nyumba ya kulala watu, maana gesi hiyo huua.

Mahindi yaliyo safi yapukuchue, kwa sababu dumuzi hustawi zaidi punje zikiwa zimeshikamana kwenye gunzi. Yakaushe vizuri, lakini usitegemee ukavu pekee: fukusi hudhoofika kwenye nafaka kavu, dumuzi huendelea kuzaliana hata unyevu ukishuka hadi asilimia 9. Ndiyo maana dawa ya unga mara nyingi huwa na viambato viwili, kwa mfano pirimifosi-methili kwa fukusi na permethrini kwa dumuzi. Kipimo hutofautiana kwa kila dawa. Soma lebo ya uliyonunua. Changanya kwa chepe juu ya turubai hadi kila punje ipakae, andika tarehe kwenye gunia, na urudi na bambo kila wiki 2.