SOMO: Kuchangia kiwango cha kiufundi ukiwa na hataza (au ukikutana na ya mwenzako)

Wengi huingia kwenye kikundi kazi wakiwaza itifaki tu: ujumbe uwe na sehemu ngapi, nani ahariri rasimu. Suala la hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) huwafikia bidhaa zikiwa tayari sokoni, kwa barua ya mawakili. Fuata hatua hizi kabla hujatuma chochote. Penye fedha nyingi, mtafute wakili. Mimi naeleza njia tu.

Hatua ya 1: Soma sera ya chombo unachochangia

Usidhani sera zinafanana. W3C, wanaosimamia viwango vya wavuti, tangu 2004 wanataka leseni bila mrabaha, yaani bila malipo ya kuitumia hataza. Mshiriki anayetaka kuiondoa hataza yake kwenye ahadi hiyo ana siku 150 tangu rasimu ya kwanza ya umma itoke. ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, ambako viwango vingi vya simu za mkononi hupita, wanakubali mrabaha, ila humwomba mwenye hataza aahidi leseni kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua. Kwenye nyaraka utaona yakiitwa FRAND. IETF, wanaoandika viwango vya intaneti, hawamlazimishi mtu kutoa leseni. Wanachodai ni kwamba ujitokeze useme unacho nini, na kanuni zao ziko kwenye RFC 8179 (RFC ni nyaraka zao rasmi) ya mwaka 2017.

ISO, IEC na ITU, mashirika ya kimataifa ya viwango, wana sera moja na fomu ya tamko yenye visanduku vitatu: natoa bure, natoa kwa masharti ya kiasi bila ubaguzi, au sitoi. Ukichagua cha tatu, ITU wanakulazimisha utaje namba ya hataza na sehemu ya kiwango inayoguswa (ISO na IEC wanakuomba sana ufanye hivyo), na kiwango hakiruhusiwi kubaki na kipengele kinachoitegemea.

Hatua ya 2: Tenganisha hakimiliki na hataza

Hakimiliki ni ya maandishi, hataza ni ya wazo linalotendeka. Kwenye IETF unabaki na hakimiliki yako, ila unaipa taasisi ruhusa ya kuchapisha na kuendeleza maandishi. Kwingine unaikabidhi. Angalia, kubali au kataa, songa mbele.

Hatua ya 3: Kama unataka hataza, ombi litangulie rasimu

Rasimu ya umma ni uchapishaji. Ukiitoa kabla ya kuwasilisha ombi, sehemu kubwa ya dunia itasema uvumbuzi si mpya tena. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa nafuu tangu achapishe, Ulaya kwa kawaida haimpi. Ukishawasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yako.

Hatua ya 4: Tangaza mapema

Hapa ndipo watu huumia. Rasimu ikiwa changa, kikundi kinaweza kubadili njia bila gharama. Kiwango kikishaingia kwenye mamilioni ya vifaa, hakuna pa kukwepea, na mwenye hataza aliyekuwa kimya anaweza kudai bei ambayo asingeipata zamani. Mamlaka na mahakama zinaujua mchezo huo.

Mwaka 1992 VESA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya kompyuta, kilipitisha VL-Bus, kiwango cha kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta. Mwakilishi wa Dell alikuwa amethibitisha kwamba hajui hataza ya kampuni yake inayokiukwa. Baadaye Dell ikawadai watengenezaji waliokitumia. Tume ya Biashara ya Marekani ikaingilia, na mwaka 1996 Dell ikakubali kutoitumia hataza hiyo dhidi yao. Qualcomm nayo iliishtaki Broadcom kwa hataza zinazohusu H.264, kiwango cha kubana video, ilhali haikuzitangaza kwa kamati iliyoandika kiwango hicho. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba hataza hizo hazitekelezeki dhidi ya bidhaa zinazofuata H.264. Kimya kiligharimu hataza yenyewe!

Kwenye tamko taja namba, rasimu na sehemu inayoguswa. Tamko la jumla la aina ya "huenda tuna hataza fulani" IETF hawalikubali, isipokuwa linaambatana na ahadi ya leseni bila mrabaha. Hataza ikitolewa au ombi likibadilika, tamko lihuishwe.

Hatua ya 5: Usitegemee "masharti ya kiasi" yajieleze yenyewe

Ahadi ya FRAND haina bei ndani yake. Motorola ilipodai asilimia 2.25 ya bei ya bidhaa kwa hataza zake za H.264 na Wi-Fi, Microsoft ilikadiria zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2013 jaji akaamua kiasi kinachofaa ni takriban dola milioni 1.8 kwa mwaka. Pengo hilo lilikuwa ndani ya neno lile lile, "kiasi". Kwa maoni yangu, anayeweza kupata ahadi ya bila mrabaha aichukue hata kama teknolojia ni duni kidogo.

Hatua ya 6: Tamko la mwingine likifika mezani

Kikundi kiamue: kuendelea, kuizunguka hataza, au kuacha. Msijadili kikaoni kama hataza ni halali, na kamwe msipatane bei humo. Washindani wakikaa pamoja kupanga bei, sheria za ushindani zinawahusu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kampuni yangu ina maelfu ya hataza. Nizipekue zote?*
Hapana ndugu. IETF wanataka unachokijua wewe binafsi, au ambacho kwa kazi yako ungetarajiwa kukijua. Lakini kampuni haiwezi kukuficha hataza zake kwa makusudi ili ukwepe wajibu.

*Ombi langu bado ni siri. Nifanyeje?*
Kwa IETF unatangaza kwamba lipo na kwamba halijachapishwa. Yaliyomo unaweza kuyahifadhi.

*Bosi amekataza nisitangaze. Naweza kubaki kikaoni nikinyamaza?*
Kanuni za IETF ziko wazi: kama hutangazi, usichangie wala usishiriki kwenye kazi inayoguswa na hataza hiyo. Mwambie bosi achague moja.

*Shikamoo mwalimu. Nimeona hataza ya mshindani inayogusa rasimu yetu. Naruhusiwa kusema?*
Marahaba. Unaruhusiwa, na IETF wanahimiza. Kuna tamko la mtu wa tatu.

*Mwenye hataza akiiuza, ahadi inakufa?*
Sera ya ETSI inasema ahadi inamfunga mnunuzi pia. Fomu ya ISO, IEC na ITU ina kipengele cha namna hiyo. Hakiki sera ya chombo chako, maana si zote zimelisema hilo.

*RFC zinapakuliwa bure. Basi naweza kuzitekeleza bure?*
Kusoma bure hakukupi leseni ya hataza. Fungua orodha ya matamko kwenye tovuti ya IETF, tafuta kwa namba ya RFC, usome masharti. Kukosekana kwa tamko nako si uthibitisho, kwa kuwa mwenye hataza ambaye hakushiriki hakuwa na wajibu wa kutangaza.

*Na programu huria chini ya GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kunakili na kusambaza?*
Mrabaha wa kila nakala haupatani na GPL. Kama kiwango kina hataza ya kulipia ambayo muda wake haujaisha, tafuta kingine, au subiri: kwa kawaida hataza hudumu miaka 20 tangu ombi liwasilishwe.