Somo: Kuchagua vifaa vya redio ya ridhaa vya kubeba safarini

Somo hili linamlenga mwendeshaji wa redio ya ridhaa (anayerusha mawimbi kwa kujifurahisha, si kwa biashara) mwenye leseni anayeishi Nairobi, hasa yule wa fleti, ambaye amechoka kusikiliza mngurumo wa chaja na taa za LED za majirani kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya karibu MHz 7) na sasa anataka kubeba kituo chake chote ndani ya mkoba mmoja hadi Ngong, Naivasha, Kisumu au pwani. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue redio gani. Naomba tuligeuze swali hilo. Redio ndiyo ya mwisho kuchaguliwa, kwa sababu uzito wake, betri yake na kiasi cha nguvu kinachohitajika huamuliwa na mambo mawili yanayoitangulia: mtu unayetaka kuzungumza naye, na antena itakayokufikisha kwake.

Hatua ya kwanza: amua unataka kusikika wapi

Kisumu iko takriban kilomita 265 kutoka Nairobi kwa mstari wa moja kwa moja, na Mombasa takriban 440. Mchana, umbali wa namna hii huhudumiwa vizuri na bendi ya mita 40, mradi mawimbi yarushwe karibu wima, yagonge ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kurudi chini kama mvua juu ya eneo zima. Antena inayofanya hivyo ni waya uliolala, ulioinuliwa mita 5 hadi 8 tu kutoka ardhini. Bendi ya mita 20 (karibu MHz 14) kwa kawaida huwaruka watu hao wa karibu na kutua mbali: Ulaya, India, Afrika Kusini. Antena ya fimbo iliyosimama wima nayo hupeleka nguvu yake karibu na upeo wa macho, jambo linaloifaa sana ukiwa ufukweni Diani na maji ya chumvi mbele yako, lakini haikusaidii kuzungumza na Nakuru. Hii ndiyo sababu mtu hununua fimbo maridadi ya kuchomoa, akazungumza na Italia siku ya kwanza, kisha akashangaa kwamba rafiki yake wa Nakuru hamsikii hata kidogo. Redio yake ni nzima kabisa.

Jioni mambo hubadilika, na mita 40 yenyewe huanza kufika mbali. Kumbuka pia kwamba Kenya iko katika Kanda ya 1 ya ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), ambako bendi hiyo ya ridhaa huishia MHz 7.200. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Marekani itakuruhusu kurusha hadi 7.300, ila leseni yako haitakuruhusu.

Hatua ya pili: antena

Kwa anayeanza, napendekeza dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili inayolishwa katikati) ya viungo, ya mita 40 na mita 20, na ninapendekeza aijenge mwenyewe. Urefu wa nusu ya wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya MHz. Kwa 14.2 unapata mita 10.07, yaani mita 5.03 kila upande, kwa 7.1 unapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Kila mkono basi una vipande viwili vya takriban mita 5, vilivyotenganishwa na kijikipande cha plastiki kinachozuia umeme (kibao cha kukatia mboga kikikatwa vipande kinatosha), na juu yake klipu ya mamba inayofungwa unapotaka mita 40 na kufunguliwa unapotaka mita 20.

Kata kila mkono ukiwa mrefu kuliko hesabu kwa sentimita 20 hivi, uinue mahali palepale na kwa kimo kilekile utakachotumia safarini, kisha upime. Chombo kidogo kama NanoVNA kitakuonyesha masafa ambayo antena inayakubali, yaani inapokea nguvu bila kuirudisha. Tuseme klipu zimefunguliwa na antena inakubali kwenye 13.9 badala ya 14.2: mkono ni mrefu kwa sentimita 11 kila upande. Usikate mara moja. Kunja waya kurudi juu ya wenyewe, usokote, upime tena, na ukiridhika ndipo ukate. Maliza mita 20 kwanza, halafu ndipo ufunge klipu na kurekebisha ncha za nje kwa ajili ya mita 40, maana ukianza na za nje utalazimika kuzirudia kila unapogusa za ndani.

Katikati ya dipoli inainuliwa kwa fimbo ya kuvulia samaki ya kuchomoa, ya faibaglasi, yenye mita 7 au 8. Isiwe ya kaboni, kwa sababu kaboni hupitisha umeme na itaivuruga antena. Ncha mbili hushushwa na kufungwa kwa kamba kwenye vigingi, zikabaki juu ya kichwa cha mtu, na umbo zima likawa V iliyopinduliwa. Juu ya vilima vya Ngong, ambako upepo unatosha kuzungusha mitambo ya umeme, fimbo hiyo itahitaji kamba tatu za kuishikilia kiunoni. Kuishika kwa mkono huku ukiita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) ni mateso.

Chaguo la pili ni waya mmoja wa mita 20 unaolishwa mwishoni kupitia kibadilishi cha uwiano wa 49 kwa 1, ambacho hushusha ukinzani wa takriban omu 2,450 hadi omu 50. Hufanya kazi kwenye mita 40, 20, 15 na 10 bila kugusa kitu, na huhitaji mti mmoja tu. Ubaya wake ni kwamba nguvu ya redio hupenda kurudi kwenye ganda la kebo hadi kwenye maikrofoni, kwa hiyo weka pete ya feraiti kwenye kebo karibu na redio. Antena za kitanzi zinazowekwa kwenye roshani ya hoteli zipo, nazo zina wapenzi wake. Kwa mita 40 hupoteza nguvu nyingi mno, na mimi ningezitumia pale tu ambapo waya hauwezekani.

Kuhusu kebo ya kuunganisha redio na antena: aina ya RG-174 ni nyembamba na nyepesi, na mita 10 zake kwenye mita 20 zinakugharimu kidogo zaidi ya desibeli 1 (karibu robo ya nguvu), hasara inayovumilika. Kebo hiyohiyo kwenye MHz 145 hula zaidi ya nusu ya nguvu yako. Kwa VHF (masafa ya MHz 30 hadi 300), beba nene zaidi au uifupishe.

Hatua ya tatu: umeme

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye seli nne hutoa volti 12.8, ambazo redio nyingi zinazipenda. Ya ampia-saa 6 ina wati-saa 76.8. Fanya hesabu kabla ya kununua. Redio ya wati 10 hula takriban ampia 0.4 ikipokea na ampia 2.5 ikirusha, ukirusha robo ya muda, wastani ni karibu ampia 0.9, na ukitumia asilimia 80 ya betri unapata zaidi ya saa tano. Redio ya wati 100 hula ampia 1.5 au zaidi ikipokea tu, na kileleni hudai zaidi ya 20. Betri ileile itaisha ndani ya saa moja na nusu, kama saketi yake ya ulinzi haitakata umeme mapema kwa kuogopa mkondo huo.

Waya wa umeme nao hupuuzwa. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, hupoteza takriban volti 1.4 mkondo ukiwa ampia 20, na redio nyingine hujizima hapo katikati ya neno. Fupisha waya, uufanye mnene, na uweke fyuzi karibu na betri. Vyote hivi, pamoja na waya wa antena, vinapatikana Luthuli Avenue kwa mchana mmoja wa kutembea.

Paneli ya sola ya wati 20 ni msaada mzuri Januari na ni mapambo Julai. Kichunguze kidhibiti chaji chake, kwa kuwa vingi vya bei nafuu hutoa kelele kwenye masafa yaleyale uliyosafiri kuyatafuta.

Hatua ya nne: sasa redio

Ukiwa na majibu ya hatua zilizotangulia, orodha inajipunguza yenyewe. Elecraft KX2 ina gramu 370 hivi kabla ya betri, hutoa wati 10, hula umeme kidogo mno ikipokea, na inaweza kuwekewa ndani kirekebishi cha antena (kinachoilinganisha antena na redio), lakini haina VHF. Icom IC-705 ina uzito wa takriban kilo 1.1, hutoa wati 5 kwa betri yake na 10 kwa betri ya nje, inashika HF (MHz 3 hadi 30) pamoja na MHz 50, 144 na 430, na ina GPS pamoja na njia ya sauti ya USB, kwa hiyo mpenzi wa FT8 (njia ya kubadilishana ujumbe mfupi kwa kompyuta) anahitaji kebo moja tu kati yake na kompyuta. Kirekebishi cha antena haina. Xiegu G90 ni nzito zaidi, ina wati 20, na kirekebishi chake cha ndani husamehe waya mwingi mbaya. Lab599 TX-500 ni gramu 550, imejengwa kustahimili maji, inamfaa anayepanda mlima. Yaesu FT-891 ya wati 100 ni ya mwenye gari.

Hukumu yangu: anayesafiri kwa matatu au kwa treni ya SGR achague redio ya wati 5 hadi 20, na pesa zilizobaki azitie kwenye fimbo, waya na betri ya pili. Anayesafiri na gari lake anaweza kubeba wati 100, na hakuna dhambi.

Hatua ya tano: mkoba na karatasi

Pakia kila kitu, upime mkoba, kisha utembee nao nusu saa. Weka adapta ya kuunganisha plagi ya BNC na ya PL-259, maana redio ndogo nyingi hutumia ya kwanza na marafiki utakaowakuta hutumia ya pili. Beba nakala ya leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano, yenye ishara yako ya mwito ya 5Z4, na risiti za vifaa. Mkaguzi wa mizigo anayeona waya, betri na kisanduku chenye vitufe kwenye skrini yake ana haki ya kuuliza, na karatasi humjibu haraka kuliko maelezo. Kabla ya kuagiza redio kutoka nje, ulizia Mamlaka hiyo masharti ya kuiingiza nchini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Rongai: Mwalimu, asante kwa somo. Kwa heshima, wati 5 si kupoteza muda? Nikiita na wati 100 najibiwa.

Jibu: Kutoka wati 100 hadi 5 ni tofauti ya desibeli 13, yaani kama vipimo viwili vya S (daraja za nguvu ya mawimbi) kwenye mita ya anayekusikiliza. Aliyekusikia kwa S9 atakusikia kwa S7, na mazungumzo yataendelea. Aliyekusikia kwa shida hatakusikia tena, hapo una haki. Tumia Morse au FT8 kwa hao, au usubiri bendi ifunguke.

Mwanachama wa Kisumu: Nasafiri kwa ndege na nina betri ya LiFePO4 ya ampia-saa 12. Naweza kuiweka kwenye mzigo wa chini?

Jibu: Hapana, dada. Betri za lithiamu za akiba husafiri nawe ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hakuna kibali. Yako ni 153.6, na kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kabla. Ningebeba mbili za ampia-saa 6.

Mwanachama wa Thika: Nina Baofeng UV-5R peke yake. Nikipanda Ngong nitafika Mombasa?

Jibu: Kwa moja kwa moja, hapana, masafa yake ya VHF na ya juu zaidi hufuata upeo wa macho. Lakini kijiredio hicho kinaweza kufika juu. Rudisha (chombo kinachopokea sauti na kuirusha upya) ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, inapokuwa imewashwa, hupokea kwenye MHz 145.990 kwa toni ya 67 Hz na kurusha kwenye 437.800. Jitengenezee antena ndogo ya yagi (ya vijiti, inayoelekeza nguvu upande mmoja) ya mkononi, pakua programu ya kukuonyesha saa za kupita kwake, na uanze kwa kusikiliza. Funga masafa mengine yote. Redio hiyo huweza kurusha kwenye masafa ambayo leseni yako haiyaruhusu.

Mwanachama wa Eldoret: Tukiwa kambini Aprili, tuache antena juu usiku?

Jibu: Ishusheni. Msimu wa mvua ndefu radi hazina ratiba, na waya wa chini usiomulikwa na tochi hukamata miguu ya watu. Fungeni vitambaa vyekundu kwenye ncha zake hata mchana, na msirushe kamba kamwe juu ya mti ulio karibu na nyaya za umeme. Ndani ya mbuga, ombeni ruhusa ya askari wa lango kabla ya kufunga chochote mtini.

Mwanachama wa Kitengela: Wiki ijayo navuka Namanga kwenda Arusha. Nikitumia 5Z4 yangu na kuongeza 5H ya Tanzania mbele, inatosha?

Jibu: Haitoshi. Leseni ya Kenya inaishia mpakani. Tanzania unahitaji kibali cha TCRA, na Uganda cha UCC, mamlaka za mawasiliano za huko, na ndicho kitakachokueleza utumie mwito gani. Andika maombi mapema. Kama hakijatoka kufikia siku ya safari, iache redio nyumbani na ubebe kipokezi cha kawaida cha masafa mafupi.