Machipuo ya Denver kwa aliyetoka Dodoma: usifungashe makoti mapema

Mbukwenyi. Binti wa kaka yangu yuko Denver, Colorado, huu ni mwaka wake wa kwanza. Juzi Jumanne alinitumia picha: amevaa gauni la kitenge la mikono mifupi, kasimama kwenye nyasi zilizoanza kurudi ukijani, chini kaandika, "Shangazi, baridi imeisha, makoti nimeshafungasha." Ijumaa ikaja picha nyingine. Uwanja ni ule ule, ila theluji inamfika kwenye vifundo vya miguu, na yeye kajitanda blanketi juu ya sweta, maana makoti yako ndani ya sanduku na sanduku liko stoo.

Niliishi upande ule miaka kumi na moja kabla sijarudi hapa Miyuji, Dodoma, na kosa hilo nalijua vizuri. Nimemjibu yeye kwa simu, lakini najua wako wengi waliotoka Dodoma, Singida, Kondoa na Mpwapwa ambao mwaka huu wanaonja machipuo ya milimani kwa mara ya kwanza. Haya ni yenu.

Machipuo ya kule hayaingii siku moja yakakaa. Yanakuja, yanarudi nyuma, yanakuja tena, kuanzia Machi mpaka katikati ya Mei. Sisi wa kanda ya kati hatuna sababu ya kushangaa. Nani kati yetu hajaiona mvua ya kwanza ya mwisho wa Novemba? Inanyesha jioni moja, harufu ya udongo inaingia mpaka vyumbani, kesho yake watu wote wako shambani na mbegu za mtama na uwele. Halafu mbingu zinafunga wiki mbili, tatu, na miche inanyauka mbele ya macho yako. Mzee anayelijua shamba lake hupanda na wenzake, ila nyumbani kaacha debe la mbegu za kurudishia. Denver inataka akili hiyo hiyo. Siku ya jua ifurahie yote, usiivizie kwa hofu, lakini koti liache msumarini.

Sababu yake inaeleweka. Mji uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, mguuni mwa Milima ya Rocky upande wa mashariki. Hewa baridi ya Kanada inateremka kwenye tambarare bila kitu cha kuizuia. Ikikutana na unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Mexico, na upepo ukausukuma unyevu huo kuelekea mlimani, inaanguka theluji nzito yenye maji, ile inayovunja matawi ya miti iliyokwisha kuchipua. Siku mbili baadaye unashuka upepo wa magharibi kutoka mlimani, mkavu na wa joto, wenyewe wanauita Chinook, na theluji yote inatoweka kama haikuwahi kuwepo. Kwa wastani wa miaka mingi, mwezi wenye theluji nyingi Denver ni Machi. Ndiyo, Machi, si Desemba. Ukishalijua hilo hutamlaumu mtu.

Kuhusu mavazi, vaa vinavyovuliwa kimoja kimoja: fulana, shati, sweta, na juu kabisa koti jepesi lisilopitisha upepo. Asubuhi unaweza kutoka na nyuzi mbili, saa nane mchana zikawa ishirini. Ndani ya gari liwepo kapu la kudumu lenye glavu, kofia, soksi kavu na viatu vyenye meno, mpaka Juni. Jua la mwinuko ule ni kali kuliko linavyohisika, kwa hiyo weusi wetu usitudanganye: paka losheni ya jua, vaa miwani siku theluji inapong'aa. Hewa ni kavu kama yetu ya Agosti, midomo inapasuka, kwa hiyo mafuta ya mgando yatembee mfukoni. Wenye mafua ya chavua wataanza kupiga chafya tangu Machi miti inapotoa maua. Mwone mfamasia mapema akupe dawa ya mzio isiyoleta usingizi.

Saa inasogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na tofauti yetu inapungua kutoka saa kumi kuwa saa tisa. Ukimpigia mama saa kumi na mbili asubuhi yako, kwake ni saa tisa alasiri. Kodi ya mapato mwisho wake kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili, nayo tuifunge ili tuingie kwenye raha.

Raha ya kwanza ni ndogo na haina kiingilio: kutembea. Baada ya miezi ya kukaa ndani, njia ya kando ya kijito cha Cherry Creek inajaa watu, na ziwa la City Park bado lina ubaridi wake huku milima nyuma ikiwa nyeupe. Mei kichaka cha lilac kinatoa maua ya zambarau mitaani, harufu unaipata kabla hujaliona ua. Nenda pia Red Rocks karibu na Morrison, siku isiyo na tamasha, upande ngazi za ule ukumbi uliokaa katikati ya miamba. Mimi ndiko nilikokuwa naponea hamu ya nyumbani. Miamba yetu ya Dodoma ni itale ya kijivu na ile ni mchanga mwekundu uliogeuka jiwe, lakini ukiiegemea saa kumi jioni, jiwe likiwa limehifadhi joto la mchana, mgongo unakumbuka kule kupanda mawe utotoni.

Kama gari lipo, mwezi Machi fanyeni safari ya Monte Vista, kusini, katika Bonde la San Luis. Makundi ya korongo, maelfu kwa maelfu, hupumzika pale wakielekea kaskazini kuzaliana. Ni mwendo wa saa nne hivi, kwa hiyo laleni huko, kwa sababu kinachofuatwa ni alfajiri. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi, bonde likiwa zaidi ya mita 2,300 juu, pumzi zikitoka kama moshi wa jiko. Giza bado lipo, unasikia tu sauti, mkoromo unaoviringika koo kwa koo. Mwanga ulipoingia tukawaona wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, miguu myembamba, barafu nyembamba ikizunguka miguu. Wawili wakaanza kucheza: mmoja anainamisha shingo, anaokota kijiti, anakirusha, anaruka na mabawa wazi, mwenzake anaruka kumjibu. Mwanangu, aliyekuwa na miaka sita, akasema kwa kunong'ona, "Mama, wanacheza kama babu." Alikuwa amewahi kuona ngoma ya Kigogo mara moja tu, kijijini, na bado aliikumbuka. Bebeni chai ya tangawizi kwenye chupa, blanketi kwa kila mtoto, na msishuke kuwakaribia ndege.

Barabara ya milimani ina sheria yake. Kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei gari lazima liwe na tairi zinazofaa kwa theluji zenye kashata ya kutosha, au libebe minyororo au kifaa kingine kinachokubalika. Mei yote imo humo, wengi hawalijui hilo. Barabara maarufu ya Trail Ridge, inayofika mita 3,713 ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, kwa kawaida hufunguliwa kuelekea mwisho wa Mei, kwa hiyo wageni wenu wa Aprili msiwaahidi.

Sasa bustani, maana hapo ndipo nilipolia. Mwaka wangu wa pili, Aprili ilikuja na wiki nzima ya joto. Nikanunua miche kumi na miwili ya nyanya, nikaipanda tarehe 20, nikaimwagilia, nikaipigia picha. Mei ilipoingia ikaja usiku mmoja wa kuganda. Asubuhi majani yalikuwa meusi, malaini kama mboga iliyochemshwa, mche mzima umelala. Jirani yangu bibi mmoja alikuwa bado hajapanda hata mmoja. Akaniambia wenyeji husubiri Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na yeye hata baada ya hapo huangalia utabiri wa siku kumi kwanza.

Tangu hapo niligawa mbegu mafungu mawili. Sukuma wiki, figili, njegere, spinachi na vitunguu vinaingia ardhini mwanzoni mwa Aprili, baridi ndogo haivitishi, na sukuma iliyopigwa na baridi inazidi utamu. Nyanya, pilipili, bamia, maboga na mchicha vinasubiri. Bamia hasa inanung'unika kwa sababu usiku wa kule ni wa baridi hata Juni, kwa hiyo ipe ukuta unaotazama kusini. Huku kwetu jua linapita utosini na ukuta wowote ni ukuta. Kule jua la adhuhuri linabaki upande wa kusini mwaka mzima, na tofali lililoota jua mchana linaigawia mizizi joto usiku. Weka shuka kuukuu na ndoo karibu na mlango. Utabiri ukisema nyuzi za Selsiasi zinakaribia sifuri, funika jioni kabla ardhi haijapoa, na asubuhi funua. Nailoni isiguse majani, yatagandia hapo hapo.

Mchicha pori utaota wenyewe nyufani Juni, na wenyeji wanaung'oa kama magugu. Uchume ukiwa mchanga, lakini si kando ya barabara wala kwenye nyasi zilizopigwa dawa. Ukiupika na karanga zilizosagwa, nyumba inanukia Jumamosi ya Majengo. Maharage nayo yalowekwe usiku kucha, kwa kuwa kwenye mwinuko ule maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 95 tu na sufuria litakaa jikoni hata uchoke. Kununua sufuria la presha ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Mei inaleta pia mvua ya mawe. Tarehe 8 Mei 2017 mawe yaliyoanguka Denver na vitongoji vyake yaliharibu magari na mapaa kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni mbili. Kwa hiyo kabla ya Mei soma bima yako ya gari: ndogo haitalipa bodi iliyobonyea, kubwa ndiyo italipa. Mawingu ya kijani kijani yakijikusanya magharibi mchana, ingiza gari chini ya paa.

Sherehe za Wabongo panga hivi: nyama choma bustanini Jumamosi, na nyumba ya akiba iliyokubaliwa tangu mwanzo, yenye sebule inayomeza watu. Kila mmoja aje na sufuria lake. Kabla ya kuwasha mkaa angalia kama kuna marufuku ya moto, maana upepo ukikauka huwa wanaitangaza, na wana haki.

Na wanaopanga kuja nyumbani, amueni Aprili hii hii kabla nauli hazijapaa. Mkija mwanzo wa Agosti mtakuta Nane Nane pale Nzuguni, usiku wa baridi kiasi cha shuka mbili, na zabibu za msimu wa pili zinaanza kuchumwa. Mizabibu ya Palisade huko Colorado inalala kipindi chote cha baridi na inaamka Aprili ikiomba isikutwe na usiku wa kuganda. Yetu hailali, tunaipogoa wenyewe ndipo inazaa, mara mbili kwa mwaka. Mpelekeni mtoto shambani akaone tofauti hiyo kwa kuishika.

Nilipokuwa namalizia haya simu imelia. Binti ametoa koti kwenye sanduku, na ameotesha nyanya ndani ya makopo ya maziwa kwenye dirisha la kusini, makopo tisa. Zimetoa majani mawili mawili na zote zimeinamia kioo. Nimemwambia ayazungushe makopo kila asubuhi ili shina lisimame, na asiyatoe nje bado. Jumapili ya pili ya Mei iko wiki tano mbele.